Umekuta DLL usiyoijua? Ichunguze kabla ya kuifuta

Kwa kawaida mtu hakutani na mafaili haya kwa kutaka. Antivirusi imepiga kelele, au ujumbe wa kosa umejitokeza kompyuta inapowaka, au umeingia System32 kutafuta jambo lingine ukaona jina la herufi nane zisizotamkika, mwisho wake `.dll`. Mkono unaanza kuelekea kwenye Delete. Uzuie kwanza. Folda ya System32 ina maelfu ya mafaili ya aina hii, na hakuna anayeyajua yote kwa majina, hata wale ambao riziki yao iko hapo. Kutolijua jina la faili si ushahidi wa lolote.

DLL ni maktaba ya msimbo: sehemu ya programu iliyowekwa kando ili programu nyingi ziitumie. Haijiendeshi yenyewe, lazima kuwe na programu inayoiita. Ndiyo maana swali la "faili hili ni salama?" halijibiki kwa kulikodolea macho faili lenyewe. Maswali yanayojibika ni haya: limekaa wapi, nani amelitia saini, na nani analiita. Jina ni la mwisho kabisa kutazamwa, maana hakuna kitu rahisi kughushi kama jina.

Na hasara ya kufuta kwa hofu si ya kufikirika. Mwaka 2001 barua pepe zilizunguka duniani zikiwaonya watu kuhusu faili liitwalo `sulfnbk.exe`, mwaka 2002 zikaja nyingine kuhusu `jdbgmgr.exe`. Maelekezo yalikuwa yale yale: litafute kwenye kompyuta yako, ukilikuta ujue umeambukizwa, lifute, waonye rafiki zako. Yote mawili yalikuwa mafaili halali ya Windows. La pili lilikuwa na ikoni ya dubu mdogo, na watu wakaona dubu huyo ni ushahidi tosha. Kirusi hakikuwepo kabisa. Kazi yake waliifanya watumiaji kwa mikono yao.

Limekaa wapi?

Tafuta njia kamili ya faili. Kama ni antivirusi iliyokushtua, njia imo kwenye historia ya taarifa zake. Kama umeona programu ya ajabu kwenye Task Manager, bofya kulia juu yake uchague "Open file location".

Maktaba za Windows yenyewe hukaa hasa ndani ya `C:\Windows\System32`, `C:\Windows\SysWOW64` na `C:\Windows\WinSxS`. Hapa pana mkanganyiko wa majina: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye maktaba za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye zile za biti 32. Ni kinyume na mtu anavyotarajia, lakini iliachwa hivyo kwa ajili ya programu za zamani zilizoandikwa zikiitaja System32 moja kwa moja. Kwa hiyo ukikuta jina lile lile kwenye folda zote mbili, ukubwa tofauti, hilo si dalili ya ugonjwa. Na WinSxS huhifadhi matoleo mbalimbali ya maktaba hizo hizo kwa makusudi. Usiingie humo na fagio.

Folda za kutazama kwa jicho kali ni `AppData\Local\Temp`, `AppData\Roaming`, `C:\ProgramData` pale juu kabisa, na `C:\Users\Public`. Programu hasidi huzipenda kwa sababu moja: unaweza kuandika humo bila kuombwa ruhusa ya msimamizi. Hata hivyo, vivinjari na programu nyingi za mazungumzo hujisakinisha ndani ya AppData kwa sababu hiyo hiyo, na hazina kosa. Mimi huangalia majirani wa faili. DLL iliyo ndani ya folda yenye jina la programu unayoitumia, ikiwa na maktaba nyingine za toleo moja nayo, ni jambo la kawaida. DLL moja iliyojitenga ndani ya folda yenye jina la herufi zisizo na maana, pamoja na faili moja tu la `.exe`, ni jambo jingine.

Hali hiyo ya mwisho ina maelezo yake. Programu inapohitaji maktaba, Windows huitafuta kwanza kwenye folda ya programu yenyewe kabla ya kwenda System32. (Maktaba chache za msingi kama `kernel32.dll` zimeorodheshwa kando na hazifuati utaratibu huu.) Wavamizi wanautumia utaratibu huo: wanachukua `.exe` halali ya kampuni inayoheshimika, yenye saini safi, wanaiweka kwenye folda yao, kisha wanaweka pembeni yake DLL yao waliyoipa jina ambalo `.exe` hiyo italitafuta. `version.dll`, `winmm.dll` na `dbghelp.dll` ni majina yanayotumika sana kwa hila hii. Ukiyaona ndani ya System32, SysWOW64 au WinSxS, yako nyumbani. Ukiyaona nje ya hapo, uliza kwa nini. Jibu linaweza kuwa la heri. Wanaopenda kuongezea michezo ya kompyuta vionjo visivyo rasmi huweka `version.dll` au `winmm.dll` kwenye folda ya mchezo kwa mbinu iyo hiyo. Kama uliiweka wewe, unajua. Kama hukuiweka, endelea kusoma.

Nani amelitia saini?

Bofya kulia juu ya faili, chagua "Properties", utafute kichupo cha "Digital Signatures". Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu mafaili mengi halali ya Windows hayana kichupo hicho kabisa. Saini zake haziko ndani ya faili. Ziko kwenye katalogi za Windows, ndani ya folda ya `CatRoot`. Mtu anaona kichupo hakipo, anahitimisha kwamba faili ni la bandia, na anafuta sehemu ya mfumo.

Njia ya kuaminika ni kufungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows, na kuandika:

`Get-AuthenticodeSignature "C:\njia\ya\faili.dll" | Format-List Status, SignatureType, IsOSBinary, SignerCertificate`

Amri hii huangalia saini iliyo ndani ya faili na ile ya katalogi pia. `SignatureType` ikisema `Catalog` na `IsOSBinary` ikisema `True`, una faili la Windows lenyewe. `Status` ndiyo yenye uzito:

- `Valid`: saini ipo na faili halijaguswa tangu litiwe saini.
- `NotSigned`: hakuna saini. Kwa faili linalodai kuwa la Microsoft, hili ni tatizo. Kwa programu ndogo ya bure iliyoandikwa na mtu mmoja, ni kawaida, kwa kuwa vyeti vya kutia saini hulipiwa.
- `HashMismatch`: saini ipo lakini faili limebadilishwa baada ya kutiwa saini. Hili ndilo jibu baya kuliko yote matatu. Huenda ni diski inayokufa, huenda ni mkono wa mtu. Kwa vyovyote faili hilo lisiendelee kutumika.

Usidanganywe na kichupo cha "Details". Maandishi yanayosema "Microsoft Corporation" pale ni maandishi tu, mwandishi yeyote wa programu anaweza kuyaweka.

Saini nayo ina mipaka. Mwaka 2010 programu hasidi iitwayo Stuxnet iligunduliwa ikitumia draiva zilizotiwa saini kwa vyeti halisi vya kampuni za Realtek na JMicron. Ilifanya na jambo jingine linalohusu mada yetu moja kwa moja: iliibadilisha jina maktaba ya Siemens iitwayo `s7otbxdx.dll` kuwa `s7otbxsx.dll`, ikaweka ya kwake kwa jina la awali, na yake ikawa inapokea maombi yote na kupitisha yale inayotaka kwa ile ya zamani. Herufi moja tu ilitofautisha. Miaka kumi baadaye, Desemba 2020, ilibainika kuwa `SolarWinds.Orion.Core.BusinessLayer.dll` ya kampuni ya programu ya SolarWinds, iliyokuja ndani ya sasisho rasmi ikiwa na saini rasmi, ilikuwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya wavamizi kuingilia; karibu wateja 18,000 walikuwa wamesakinisha sasisho lile. Kwa mtumiaji wa kawaida hatari ya namna hii ni ndogo, lakini inatosha kukukumbusha kwamba saini inakuambia faili limetoka kwa nani. Haikuambii kama huyo naye hakuingiliwa.

Heshi, na jinsi ya kusoma majibu ya VirusTotal

Kila faili lina heshi, yaani msururu wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ukibadilisha biti moja, heshi yote inakuwa nyingine. Ipate hivi:

`Get-FileHash "C:\njia\ya\faili.dll"`

PowerShell itakupa heshi ya SHA256, ambayo ni herufi na tarakimu 64. Inakili, uende VirusTotal (huduma ya kukagua mafaili kwa antivirusi nyingi kwa pamoja, iliyoanzia Hispania mwaka 2004, na Google ikainunua 2012), uibandike kwenye sehemu ya kutafuta. Angalia: unatafuta heshi, hupandishi faili. Faili ukilipandisha, wengine waliojiandikisha kwa huduma hiyo wanaweza kulipakua. Kwa maktaba ya mchezo haidhuru. Kwa faili lililotoka kwenye programu ya ndani ya kazini kwako, unaweza kuwa umetoa siri ya watu.

Majibu yanahitaji akili kidogo. Huduma hiyo huuliza injini za antivirusi zaidi ya 70, na kwa wingi huo kuna moja au mbili ambazo hushtuka kwa kila kitu. Injini mbili zikisema ni hatari, na majina waliyotoa ni ya jumla jumla, yenye maneno kama "Generic", "Heur" au "ML", mimi sifuti kitu. Maneno hayo yana maana kwamba injini imekisia kwa sura. Injini 40 zikikubaliana, na kadhaa zikitaja familia moja ya programu hasidi, hakuna cha kujadili. Katikati ya hapo, angalia tarehe ambayo faili lilionekana pale kwa mara ya kwanza. Faili lililojulikana kwa miaka sita na bado lina lawama mbili tu, karibu kila mara ni lawama za uongo. Faili lililoonekana mara ya kwanza jana linaweza kuwa na sifuri leo na thelathini wiki ijayo.

Halafu kuna jibu ambalo watu hulisoma vibaya: hakuna matokeo, heshi haijulikani. Wengi hufurahi. Fikiria kidogo: faili linalodai kuwa sehemu ya Windows limo kwenye mamilioni ya kompyuta, na lote ni sawa biti kwa biti. Inawezekanaje hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kulipeleka? Kwa faili la namna hiyo, kutojulikana ni dalili mbaya kuliko lawama mbili tatu. Kwa programu iliyoandikwa na jamaa wa idara yenu ya kompyuta, kutojulikana ndiko kunakotarajiwa.

Baada ya hapo, tuje kwenye dalili zenyewe.

Dalili: ujumbe wa "RunDLL" kila kompyuta inapowaka, ukisema moduli haikupatikana

Hii ndiyo inayowatisha watu bure kuliko zote. Ujumbe maana yake faili *halipo*. Antivirusi ililiondoa, au programu iliondolewa vibaya, lakini agizo la kuliita limebaki. Kinachotakiwa ni kuondoa agizo.

Pakua Autoruns kutoka tovuti ya Microsoft. Ni mojawapo ya zana za Sysinternals, zilizoanzishwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell mwaka 1996 na kuchukuliwa na Microsoft 2006, na kwa kazi hii sijaona ya kuishinda. Iendeshe kama msimamizi. Kwenye menyu ya "Options" ficha mambo ya Microsoft na uwashe uhakiki wa saini. Mistari ya njano ni maagizo yanayoita mafaili yasiyopo. Ya waridi ni ambayo saini yake haikuthibitika. Tafuta jina lililokuwa kwenye ujumbe. Kwa kawaida liko kwenye kichupo cha "Logon" au cha "Scheduled Tasks". Ondoa alama ya tiki kwanza, usifute mstari. Washa kompyuta upya. Ujumbe ukinyamaza na hakuna kilichoharibika, rudi uufute mstari.

Usikubali tovuti ikuambie "pakua DLL inayokosekana hapa". Kama faili lilikuwa la kirusi, utakuwa unakitafutia kirusi kiungo chake kilichokatwa.

Dalili: programu haifunguki, inasema `MSVCP140.dll` au `VCRUNTIME140.dll` haipo

Hakuna kirusi hapa. Maktaba hizi ni za Visual C++, na kifurushi chake kinapakuliwa bure kutoka Microsoft. Sakinisha cha x86 na cha x64, vyote viwili, hata kama Windows yako ni ya biti 64, maana programu yenyewe inaweza kuwa ya biti 32. `d3dx9_43.dll` na ndugu zake ni za DirectX ya zamani, nazo zina kifurushi chake huko huko.

Kosa la `0xc000007b` mara nyingi huja *baada* ya mtu kufuata ushauri mbaya: kapakua DLL moja moja kutoka tovuti ya mitaani, akaitupia System32, kumbe ni ya biti 32. Windows inajaribu kuisoma kama ya biti 64, inakataa. Iondoe uliyoitia mwenyewe, kisha sakinisha kifurushi rasmi.

Dalili: antivirusi inalifuta faili, kesho limerudi

Faili linalofufuka lina anayelifufua. DLL ni tokeo; chanzo ni kazi iliyopangwa kwenye Task Scheduler, huduma ya Windows, au skripti inayoipakua tena. Kwa hiyo kuendelea kufuta DLL ni kazi ya kukausha sakafu huku bomba limefunguliwa. Rudi Autoruns, pitia mistari isiyo na saini, ukiangalia hasa ile inayotaja PowerShell, `wscript.exe`, `rundll32.exe` au `regsvr32.exe` ikifuatiwa na njia ya AppData au Temp.

Kisha endesha uchunguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender. Uko ndani ya Windows Security, sehemu ya "Scan options". Kompyuta itajizima na kuwaka kwenye mazingira madogo ambamo Windows yako haijaanza, kwa hiyo kirusi hakina pa kujificha wala cha kukilinda. Huchukua kama dakika 15. Hifadhi kazi zako kwanza, hautakuuliza mara mbili.

Lakini kama faili linalofutwa liko System32 na saini yake ni `Valid`, mshuku antivirusi kabla ya faili. Imewahi kutokea kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 21 Aprili 2010 sasisho namba 5958 la McAfee liliidhania `svchost.exe` ya Windows XP SP3 kuwa kirusi, likaiondoa, na kompyuta kwenye maofisi na hospitali zikaanza kujiwasha upya bila kukoma. Katika hali kama hiyo sasisha antivirusi, rudisha faili kutoka karantini (pale antivirusi inapoyafungia mafaili iliyoyashuku), na ulichunguze tena heshi yake siku inayofuata.

Dalili: `rundll32.exe` au `svchost.exe` inakula prosesa au intaneti

Zote mbili ni programu halali za Windows, na zote mbili ni wapagazi. Mzigo ndio wa kuuliza. Kwenye Task Manager nenda kichupo cha "Details", bofya kulia kwenye vichwa vya safu, uongeze safu ya "Command line". Sasa linganisha:

`rundll32.exe shell32.dll,Control_RunDLL`

`rundll32.exe C:\Users\Public\xkqv.dll,Start`

Wa kwanza unafungua Control Panel. Wa pili unaendesha maktaba isiyo na jina la maana kutoka folda ambayo yeyote anaweza kuandika; ukiuona huo, kata mtandao kwanza, maswali baadaye. Na `rundll32.exe` iliyo peke yake, bila kutaja maktaba yoyote, nayo haina kazi halali ya kufanya. Zipo zana za uvamizi zinazoianzisha tupu hivyo ili zijifiche ndani yake.

Kwa `svchost.exe`, amri ya `tasklist /svc` itakuonyesha ni huduma zipi zimo ndani ya kila moja. Ukipata huduma usiyoielewa, maktaba yake imeandikwa kwenye rejista (Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows), ndani ya `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\`, kisha jina la huduma, kisha `Parameters`, kwenye thamani iitwayo `ServiceDll`. Ipeleke njia hiyo kwenye maswali ya mwanzo: wapi, saini, heshi.

Na kinyume chake, ukiwa na jina la DLL na hujui nani anaitumia, andika `tasklist /m jina.dll` kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi. Itakutajia kila programu iliyoipakia wakati huo. Jibu la "explorer.exe" peke yake mara nyingi ni kiongezi cha menyu ya kubofya kulia, kama vile vya programu za kubana mafaili. DLL isiyo na saini iliyomo ndani ya kila programu iliyofunguka ni jambo zito zaidi; ama ni sehemu ya antivirusi au ya kadi ya picha, ama ni kitu kinachosoma unachoandika.

Dalili: faili halifutiki, "linatumika"

Haithibitishi chochote. DLL yoyote iliyopakiwa haifutiki hadi anayeitumia afungwe. Lakini ukiona kwamba mmiliki wake ni `TrustedInstaller`, hiyo ni Windows inakuambia faili ni lake. Kuna maelekezo mengi mtandaoni ya jinsi ya kunyakua umiliki huo. Yaache.

Dalili: faili ni la Windows kweli, ila limeharibika

Hapa si suala la usalama, ni matengenezo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uendeshe hizi mbili kwa mpangilio huu:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

`sfc /scannow`

Ya kwanza hutengeneza ghala ambalo ya pili hulitumia kuchukua nakala safi. Ndiyo maana mpangilio una maana. Ukitaka kuhakiki faili moja tu bila kusubiri yote, kuna `sfc /verifyfile=C:\Windows\System32\jina.dll`.

Jambo moja linalopotosha: tarehe

Wengine hutumia programu za kuchambua mafaili, wanaona kwamba maktaba ya Windows imeandikwa kuwa iliundwa mwaka ambao bado haujafika, wanapagawa. Kuanzia Windows 10, Microsoft iliacha kuweka saa halisi kwenye sehemu ile ya kichwa cha faili. Panakaa thamani inayotokana na yaliyomo, na ukiisoma kama tarehe inatoa upuuzi. Tarehe unazoziona kwenye Explorer nazo hubadilishwa kwa amri moja. Kwa kifupi, tarehe haimtii mtu hatiani wala haimwachii huru.

Kama unatumia Linux

Kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu karibu kila maktaba ilikuja ndani ya kifurushi. Debian na Ubuntu: `dpkg -S /njia/ya/faili.so` inataja kifurushi chenye faili hilo, na `dpkg -V jina-la-kifurushi` inaonyesha kilichobadilika. Fedora na jamaa zake: `rpm -qf` na `rpm -V`. Faili lililomo ndani ya `/usr/lib` lakini halina kifurushi kinacholimiliki linahitaji maelezo. Angalia pia `/etc/ld.so.preload`, kwenye kompyuta nyingi faili hilo halipo kabisa, na kama lipo likitaja maktaba usiyoijua, hiyo maktaba inaingizwa kwenye karibu kila programu unayoiendesha. Na usitumie `ldd` juu ya faili unalolishuku, kwa kuwa katika hali fulani inaweza kuliendesha.

Huku nako mambo ya SolarWinds yamefika. Mwezi Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa nyuma ndani ya `liblzma`, maktaba ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Kilichomfanya achimbe ni kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao) kulikochelewa kwa takriban nusu sekunde. Kifurushi kilikuwa rasmi na saini yake ilikuwa sawa.

Umechunguza, na bado huna uhakika

Usifute. Tengeneza kwanza sehemu ya kurejesha mfumo ("restore point"), kisha libadilishe jina faili kutoka `.dll` kuwa `.dll.shaka`, uwashe kompyuta upya. Kama kuna programu inayolihitaji, italalamika kwa kulitaja jina lake, na utakuwa umejua ni la nani. Usifanye hivi kwa faili lililo ndani ya System32 lenye saini `Valid`. Hapo unaweza kuizuia Windows isiwake.

Umethibitisha ni hasidi

Kata mtandao. Kwa kutumia kifaa kingine, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kisha za benki, kisha nyingine zote, na ufunge vikao vyote vilivyo wazi, maana programu nyingi za siku hizi huiba vikao vya kivinjari na hazihitaji nywila yako. Endesha uchunguzi wa nje ya mtandao. Kama DLL ilikuwa ikiendeshwa kwa ruhusa za msimamizi, binafsi ningehifadhi nyaraka na picha pekee, nikafuta diski na kusakinisha Windows upya. Saa tatu za kusakinisha ni nafuu kuliko kuishi na kompyuta usiyoiamini.

Windows ikiwa mpya na programu zako zikiwa zimerudi, fungua Autoruns uihifadhi orodha yake kwenye diski ya nje. Ina sehemu ya kulinganisha kwenye menyu ya "File": siku jina geni likitokea, inakuonyesha mistari iliyoongezeka tangu ulipohifadhi, na kwa kawaida huwa michache ya kuhesabika.